Kichwa cheusi kwenye nembo ya Coburg: mtumwa au mtakatifu?

Nembo ya Coburg, mji wa kule Bavaria, Ujerumani, ina kichwa cha mtu mweusi anayetazama pembeni, nywele za kipilipili, hereni ya dhahabu sikioni, na watu wengi wakiiona tu wanasema huyo ni mtumwa, eti mambo ya ukoloni hayo. Hapana jamani. Ujerumani imeanza kuchukua makoloni Afrika 1884, nembo yenyewe ni ya zamani mno kuliko hapo. Huyo ni Mtakatifu Morisi, msimamizi wa mji, na kanisa kubwa la pale lina jina lake. Masimulizi yanasema alikuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kutoka Thebes, Misri, wakaambiwa watoe sadaka kwa miungu wakagoma, basi Kaisari Maximian akaamuru wauawe, karne ya 3 hiyo, sehemu ambayo leo ni Uswisi.

Wengine wanadai weusi wake ni kosa la mchoraji tu. Sasa kwenye kanisa kuu la Magdeburg, mji mwingine wa Ujerumani, kuna sanamu yake ya mawe ya karne ya 13, amevaa deraya kamili, na sura ni ya Kiafrika waziwazi. Mchongaji alijua anachofanya bana.

Alafu kuna wanaodhani nembo haijawahi kuguswa. Coburg ndo mji wa kwanza Ujerumani ambako Wanazi walipata viti vingi kuliko wote kwa pamoja kwenye baraza, 1929, na 1934 Morisi wakamtoa, wakaweka upanga wenye swastika kwenye mpini. Vita vilipoisha 1945 akarudishwa. 2020 ukaja mjadala tena, safari hii wanaotaka atolewe wanasema mchoro ni wa kibaguzi, na mi naona hapo wana hoja, maana kuwa mtakatifu hakuzuii mtu kuchorwa kwa dharau, ile midomo na hereni ni mazoea ya wachoraji wa Ulaya, yule wa Magdeburg hana vituko hivyo.

Na ile sanamu juu ya jengo la manispaa pale sokoni wanaiita Bratwurstmännle, kamtu ka soseji, eti fimbo aliyoshika ndo kipimo cha soseji za Coburg. Ni Morisi huyohuyo, ile ni fimbo ya ukamanda, ila wenyeji utani wao hawauachi, na soseji zinachomwa palepale chini yake kwa moto wa koni za misonobari.