Umehamia Dodoma, laini ya Dar ya nini tena? Tusikilizane kidogo

Tangu watumishi waanze kuhamishiwa Dodoma kwa wingi hili swali haliishi, na majibu yanayotolewa mengine ni ya ajabu kweli. Eti namba ya Dar ukifika nayo mkoani inakatwa hela zaidi. Eti ukiwa nayo wenyeji wanajua wewe mgeni. Jamani.

Hii ya namba kuwa na mkoa imetoka kwenye simu za mezani. Za TTCL zile, 022 ni Dar, 026 ni Dodoma, 028 Mwanza, 027 ni Arusha, Kilimanjaro na Tanga. Hapo kweli ukihama mkoa namba unaiacha ukutani. Ila simu ya mkononi haina habari na mkoa, 0754 haijawahi kuwa ya Dar wala ya Kigoma, ilikuwa inaonyesha mtandao tu, na siku hizi hata mtandao haionyeshi kwa uhakika, nitaeleza. Bando lako la Kariakoo ndio hilohilo Majengo ya Dodoma.

Wengine wanasema lazima usajili upya ukifika. Hapana, usajili ni namba ya NIDA na alama za vidole, ni wa nchi nzima. Hata laini ikipotea huna haja ya kurudi ulikosajilia, nenda duka la mtandao wako hapohapo ulipo na kitambulisho, weka kidole, wanakurudishia namba yako.

Sasa kuna malalamiko ambayo ni ya kweli, kwamba mtandao uliokuwa unapaa kule Sinza huku ulikopanga hadi usimame dirishani. Sawa, lakini nani kakwambia dawa ni kununua namba mpya? Tangu Machi 2017 Tanzania unaruhusiwa kuhama mtandao na namba yako ileile. Unaenda kwa mtandao unaotaka kuingia, sio ule unaotoka (hapa ndio wengi wanapoteza nauli), unajaza fomu, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unapewa laini yao na namba yako inahamia humo. Kwa hiyo 0754, iliyoanza kama ya Vodacom, inaweza ikawa iko Airtel sasa hivi na wewe hujui.

Wanaodanganyika zaidi ni wanaodhani namba ikihama inahama na kila kitu. Wapi! Pochi ya M-Pesa haikufuati Airtel Money, ni mitandao miwili tofauti, kwa hiyo toa hela zako kwanza, lipa ulichokopa kwenye simu maana deni litakukwamisha, maliza vocha na bando. Halafu waambie watu wako wanaokutumia hela, manake wao wameshazoea namba fulani ni M-Pesa na wanatuma kwa mazoea.

Na kuna hawa wa "nimeitupa tu ile laini, haina shida". Shida ipo aisee, tena kubwa. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaweza kuifunga na kuiuza kwa mtu mwingine, na huyo mtu hajakuibia chochote, kanunua laini yake dukani kihalali kabisa. Ila msg za benki zinaenda kwake, namba za uthibitisho (code) za kufungulia barua pepe zinaenda kwake, akiweka WhatsApp anakaa kwenye namba ambayo shangazi yako bado ameisave jina lako. Kama umeamua kuachana nayo basi anzia benki, wabadilishie namba, kisha barua pepe, kisha WhatsApp ina sehemu yake kabisa ya kubadili namba na magrupu yako yanabaki, vyote hivyo ufanye laini ya zamani ikiwa bado hewani sababu kuna sehemu watakutumia code kwenye laini hiyohiyo ya zamani. Ukimaliza piga *106# uangalie kitambulisho chako kina laini ngapi, usiyoitambua nenda duka la mtandao wake wakaifute.