Je, wajua kwa nini kitufe cha kompyuta hukataa kuandika hata soda iliyomwagika ikishakauka?

Soda imemwagika juu ya kibodi, umeifuta upesi, umeiacha kompyuta mpakato ikauke, na imewaka vizuri. Lakini ukibonyeza herufi A hupati kitu, au zinatoka A kumi mfululizo. Wengi hudhani bado kuna unyevu, wakazidi kusubiri. Maji yameshaondoka. Kilichobaki ni sukari, na sukari haikauki ikapotea.

Kofia ya plastiki unayoigusa imeshikwa na vijipande viwili vilivyopishana kama mkasi, navyo ndivyo vinavyokifanya kitufe kishuke sawasawa hata ukikibonyeza pembeni. Katikati kuna kikombe kidogo cha mpira kinachokirudisha juu. Chini yake, katika kompyuta nyingi, yamelala matabaka matatu ya plastiki nyembamba: la juu na la chini yamechorwa njia za umeme, na la kati lina matundu na kazi yake ni kuyatenganisha. Ukibonyeza, tabaka la juu hubonyea kupitia tundu na kugusa la chini. Mguso huo ndio unaoiambia kompyuta iandike herufi gani.

Sasa fikiria utando wa sukari ukiwa kwenye tundu hilo, au umeganda kwenye mkasi. Mguso haufanyiki, au kitufe kikishuka hakipandi. Vumbi nalo halihitaji kuwa jingi, maana mwendo wote wa kitufe ni milimita 1 hadi 1.5 hivi. Mwaka 2015 Apple ilileta muundo mwembamba zaidi, ulioitwa kipepeo, na watumiaji wengi wakalalamika kwamba vitufe vinakwama au kurudia herufi. Juni 2018 kampuni ilitangaza mpango wa kutengeneza kibodi hizo bure, na Novemba 2019 ikarudi kwenye mkasi katika MacBook Pro ya inchi 16.

Kabla ya kushika brashi, jua kwanza unatibu nini. Kitufe kinachonata au kigumu kushuka kina uchafu kwenye mkasi. Kinachoshuka na kupanda vizuri lakini hakiandiki kina tatizo chini zaidi, kwenye matabaka. Vikifa kadhaa kwa pamoja, shuku njia ya umeme iliyokatika, kwa sababu vitufe vimeunganishwa kwa safu na vingi hutumia njia moja. Chomeka pia kibodi ya nje: tatizo likijitokeza na huko, basi liko kwenye mipangilio au programu, na kusafisha hakutasaidia.

Kwa usafi wa kawaida, zima kompyuta kabisa na uchomoe chaja. Igeuze kifudifudi, ipigepige taratibu mgongoni, kisha pitisha brashi laini kavu katikati ya vitufe. Ukitumia kopo la hewa, lishike wima na utoe hewa kidogo kidogo. Likilazwa hutoa kimiminika chenye baridi kali. Usipulize kwa mdomo, utaongeza mate.

Kinachonata kinataka spiriti ya isopropili. Ya asilimia 90 kwenda juu ina maji machache, kwa hiyo hukauka haraka. Ya asilimia 70 inatosha kufuta juu ya vitufe. Lowesha kijiti cha pamba, usimwage kwenye kibodi kamwe. Zungusha kingo za kitufe, kibonyeze mara nyingi, futa, rudia. Sukari huyeyuka zaidi kwenye maji kuliko kwenye spiriti, hivyo ikikataa, kijiti chenye unyevu kidogo wa maji safi kitangulie, spiriti ifuate. Mng'ao kwenye vitufe vinavyotumika sana usikusumbue: mara nyingi ni plastiki iliyosuguliwa na vidole, hautoki kwa kufutwa.

Kung'oa kofia ninakushauri uwe mwangalifu sana, kwani ndoano za mkasi ni nyembamba na huvunjika kirahisi. Spesi na Enta ziache kabisa, kwa kuwa mara nyingi zina vyuma vya kuzisawazisha ambavyo ni vigumu kuvirudisha.

Kama kimiminika ndiyo kwanza kimemwagika, zima papo hapo, chomoa chaja, geuza kompyuta kibodi ikitazama chini. Haraka hiyo ina sababu: umeme ukipita kwenye chuma chenye unyevu, chuma huliwa, na betri ikiwa ndani umeme bado upo hata skrini ikiwa nyeusi. Usiizike kwenye mchele. Haufyonzi maji yaliyo ndani, na unga wake huingia kwenye vitufe. Joto la kikausha nywele nalo hupinda plastiki. Ikiwa ni soda, chai yenye sukari au maziwa, mpelekee fundi aifungue siku hiyohiyo, kabla hakijaganda kwenye bodi kuu iliyo chini ya kibodi.

Tabaka likishaliwa, usafi hauwezi kulirudisha. Hapo hubadilishwa kibodi nzima, na katika kompyuta nyingi za kisasa imebanwa kwa pini za plastiki kwenye bamba la juu, kwa hiyo muulize fundi mapema kama atabadilisha kibodi peke yake au pamoja na bamba lake.