Nazi badala ya maziwa: maswali na majibu kwa anayepika bila maziwa

Maziwa yakinipita tumbo linajaa gesi. Mdogo wangu yeye akionja siagi tu, midomo inavimba. Sote wawili tunaweza kutumia nazi?

Mnaweza, ila tatizo lako na lake hayafanani, na ni vizuri kuyatenganisha mapema.

Wewe huenda unasumbuliwa na laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Utumbo mdogo hutoa kimeng'enya kiitwacho laktesi ili kuivunja. Kimeng'enya hicho kikipungua, sukari hupita nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, ndipo unapopata gesi, muungurumo na kuharisha. Jambo hili ni la kawaida sana: inakadiriwa kuwa takriban thuluthi mbili ya watu duniani uwezo wao wa kumeng'enya laktosi hupungua baada ya utoto.

Dalili za mdogo wako ni za mzio. Kinga ya mwili wake inaichukulia protini ya maziwa kama adui, na kiasi kidogo tu kinaweza kumvimbisha koo au kumbana pumzi. Kama hajapimwa, aende hospitali, asisubiri mara nyingine. Nazi haina laktosi wala protini ya maziwa, kwa hiyo inawafaa nyote. Lakini wewe ukikosea utaumwa tumbo kwa saa chache. Yeye akikosea anaweza kupoteza maisha.

Pakiti imeandikwa "tui la nazi". Bado nisome maandishi madogo nyuma?

Soma, kila unaponunua, hata kama ni aina ile ile uliyoizoea. Na hasa soma ukinunua tui la unga. Mafuta ya nazi hayageuki unga kirahisi bila kitu cha kuyashika, na watengenezaji wengi hutumia kaseinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa. Mbele kuna picha ya nazi iliyopasuliwa, nyuma kuna maziwa. Niliwahi kuchota vijiko viwili vya unga wa namna hiyo kwa ajili ya supu ya mtu mwenye mzio, na ni kwa bahati tu kwamba nilisoma pakiti kabla ya kumwaga sufuriani. Tangu siku hiyo nasoma kwanza, nafungua baadaye.

Maneno ya kutafuta ni kaseini, kaseinati, unga wa maziwa, na protini ya maji ya maziwa. Maneno "haina laktosi" yanakufaa wewe, hayamfai mdogo wako: maziwa yaliyoondolewa laktosi bado yana protini zake zote.

Nazi yenyewe haileti mzio?

Huleta, lakini kwa watu wachache sana. Wenye mzio wa korosho au lozi wengi wao hula nazi bila shida, na Januari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiondoa nazi katika kundi la korosho na lozi kwenye mwongozo wake wa vyakula vinavyoleta mzio. Aliyewahi kupata vipele au kuvimba baada ya kula nazi aiache mpaka aonane na daktari.

Tui langu hukatika kila nikipika. Nakosea wapi?

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini chache za nazi. Moto mkali huzigandisha protini hizo, matone yanakosa cha kuyatenga, yanaungana na kupanda juu. Unaona mabonge meupe yanaelea kwenye maji ya kijivu. Halijaharibika, linalika, ila ule ulaini umepotea.

Dawa yake ni mpangilio. Kamua nazi iliyokunwa kwa maji ya uvuguvugu kidogo upate tui zito, liweke pembeni. Ongeza maji kwenye chicha, kamua tena, upate tui jepesi. Pikia lile jepesi tangu mwanzo, kwa sababu lina mafuta machache na halisumbui sana. Tui zito litie mwishoni, moto ukiwa mdogo, ukikoroga taratibu bila kuacha mpaka uone viputo vya kwanza pembeni mwa sufuria. Hapo epua. Ndimu au nyanya chachu nazo hukatisha tui, kwa hiyo ndimu ikamuliwe chakula kikiwa kimeshaepuliwa.

Tui la kopo huvumilia moto zaidi kwa sababu mara nyingi limeongezewa vitu vya kulishikiza. Tui la kukamua mwenyewe huchacha upesi: likikaa saa chache kwenye joto linaharibika. Liweke kwenye friji, lisipite siku mbili.

Na kwenye keki?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kosa huwa ni moja: kubadilisha siagi kwa mafuta ya nazi gramu kwa gramu. Siagi ni mafuta kwa takriban asilimia 80, sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Mafuta ya nazi ni mafuta matupu. Ukiweka uzito uleule, keki inatoka nzito na inaacha mafuta vidoleni. Kila gramu 100 za siagi, weka gramu 80 za mafuta ya nazi na kijiko kikubwa kimoja cha tui jepesi.

Jingine ni joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Ukiyamwagia mayai yaliyotoka kwenye friji, yanaganda papo hapo na mchanganyiko unajaa punje punje kama mshumaa uliokwaruzwa. Toa mayai mapema. Kama mapishi yanataka upige siagi na sukari, mafuta yawe laini kama marhamu, yasiwe maji.

Badala ya maziwa, tui jepesi kikombe kwa kikombe. Tui zito lizimuliwe nusu kwa nusu na maji. Badala ya maziwa mgando, tia kijiko kikubwa cha ndimu au siki kwenye kikombe cha tui jepesi. Usisubiri ligande kama maziwa, kazi ya uchachu ule ni kuamsha bikabonati ili keki ipande.

Unga wa nazi ni jambo jingine kabisa. Hunywa maji kupita kiasi, na hauna gluteni, protini ya ngano inayoshikilia umbo. Robo kikombe chake huchukua nafasi ya kikombe kizima cha unga wa ngano, na mayai lazima yaongezwe. Anayeanza atafute mapishi yaliyoandikwa kwa unga huo.

Nasikia mafuta ya nazi ni dawa ya moyo.

Siyo. Zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta shibe, aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Siagi ina takriban asilimia 50. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu 11 au 12 za mafuta hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta shibe yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 22 hivi kwa anayekula kalori 2,000. Vijiko viwili vimeshakufikisha hapo. Mchuzi wa tui mara moja moja hauna neno. Mwenye lehemu ya juu akaangie mafuta ya alizeti, nazi aibakize pale ladha yake inapohitajika.

Mtoto wangu ana mzio wa maziwa. Nimpe glasi ya tui badala yake?

Hapana, na hili nawaomba wazazi walishike. Tui hulainisha chakula kama maziwa, lakini halijengi mifupa kama maziwa. Glasi ya maziwa ya ng'ombe ina miligramu 300 hivi za kalsiamu na gramu 8 za protini. Tui la kiasi hicho lina kalsiamu ya miligramu 40 hivi, protini kidogo na mafuta mengi. Vinywaji vya nazi vya boksi, vile vya kunywa, vingi ni maji. Tafuta vilivyoongezewa kalsiamu, na bado protini itapungua.

Chini ya mwaka mmoja, tui halichukui nafasi ya maziwa ya mama wala ya maziwa maalumu ya watoto wenye mzio, hata kwa wiki moja. Kwa mkubwa kidogo, tui likae kwenye chakula, na kalsiamu itafutwe kwingine: kinywaji cha soya kilichoongezewa kalsiamu, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, maharage, mboga za jamii ya kabichi. Andika kila anachokula kwa siku tatu, na viwango vyake, kisha umpelekee mtaalamu wa lishe karatasi hiyo pamoja na kadi ya uzito ya mtoto.