Kikokotoo: asilimia imepanda ila 580 iko palepale

Juzi kaja hapa kwangu Area C, Dodoma, mwalimu mmoja wa Kongwa, anastaafu mwakani, ananiambia mwanangu si tulishinda, si tumefika asilimia 40 kwenye kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu? Nikamwambia mwalimu kaa tupige hesabu, maana kazi yangu ndo hii ya mafao na hili swali haliishi.

Kusukuma watumishi walisukuma kweli jamani. 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilivyounganishwa ikazaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kanuni zikaja na mkupuo, yaani hela ya mara moja unapostaafu, wa 25% ya mafao kwa wote, watu waliozoea nusu yao wakawaka mpaka Disemba ileile Magufuli akakaa na vyama vya wafanyakazi akasema ya zamani iendelee. Julai 2022 ikaja 33%, kelele zikaanza upya, Mei Mosi, bungeni, mpaka bajeti ya Juni 2024 ikasema waliokuwa wanapata 50% zamani wapate 40, wale waliokuwa wanapata 25% wapate 35. Hii haikushuka kutoka juu, ilidaiwa.

Sasa hesabu. Umefanya kazi miezi 360, wastani wa mshahara wako 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Zamani tulikuwa tunazidisha miezi kwa mshahara wa mwaka, tunagawa kwa 540, unapata pensheni ya mwaka; nusu yake tunazidisha mara 15.5 inakuwa mkupuo milioni 74.4, nusu iliyobaki ni pensheni 400,000 kwa mwezi. Kanuni ya 2022 inagawa kwa 580 mara 12.5, kwa 33% unapata milioni 36.9 na pensheni kama 499,000. Kwa 40% ya sasa mkupuo ni milioni 44.7, pensheni inashuka mpaka kama 447,000.

Umeona hapo? Ile milioni 7.8 iliyoongezeka ni hela yako mwenyewe, 52,000 ya kila mwezi uliyopewa mapema, zidisha kwa miaka 12.5 utaikuta ileile. Mtu mwenye ujenzi nusu au ada za watoto mkupuo unamsaidia sana, simlaumu hata kidogo, ila kilichokata mafao ni 580 na 12.5 na hivyo havijaguswa tangu 2022. Nguvu yote tuliipeleka kwenye asilimia kwa sababu ndo inayoonekana, na inaniuma kwakweli, maana tulishapata masikio ya wakubwa.

Mwalimu kanyamaza muda, akaomba nimwandikie hizo namba kwenye daftari, anasema Jumamosi wana kikao cha tawi.