Je, wajua kwa nini mjenzi wa ndege ya mbao anachomeka mbavu zote za bawa bila tone la gundi?

Ukimwangalia mtu anayejijengea ndege ya mbao kwenye gereji yake, kuna siku utadhani kachanganyikiwa. Miezi yote hiyo katengeneza mbavu za bawa, moja moja, zimefika kama 30, halafu siku ya kuunganisha anazichomeka zote kwenye boriti kama nyama kwenye mshikaki, na gundi haigusi. Zinacheza tu. Mtu wa makabati kama mimi angeshapaka gundi akaenda kunywa chai.

Tuchukue ndege ya kweli, Pietenpol Air Camper. Aliyeibuni ni Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, kijiji cha Minnesota huko Marekani, fundi wa kujifunza mwenyewe tu, na mwaka 1929 akairusha ikiwa na injini ya gari, Ford Model A, na mpaka leo watu wanaijenga kwa ramani zake. Bawa lake halifiki mita 9 toka ncha hadi ncha, na ndani kuna boriti za mbao ya sprusi zimelala sambamba, moja mbele moja nyuma, kimo chake inchi 4 na robo tatu. Mbavu ndo zinalitengenezea bawa ule mgongo wake uliobinuka. Kila ubavu ni vijiti vyembamba vilivyopangwa kwenye kalibu, viungo vikabandikwa vipande vya plaiwudi, na una matundu mawili ya kupitisha boriti, yamebana haswa.

Sasa yale matundu kubana ndo yanaanza kupanga kazi. Pale nguzo za kushikilia bawa zinapofungwa, boriti inaongezwa unene kwa plaiwudi, kisha vinapigwa bolti vile vyuma vya kufungia. Ukijitia una haraka ukamaliza boriti kabisa mezani, vyuma na kila kitu, ubavu ukifika hapo haupiti, na kuukata ili upite ni kuuharibu. Kwa hiyo mbavu zinatangulia kuingia, zinasogezwa karibu na mahali pake, halafu ndo hayo mengine.

Na bado gundi ngoja kwanza. Kati ya boriti ya mbele na ya nyuma zinawekwa nguzo fupi za kuzitenganisha, halafu waya za chuma zinapita kimshazari, zinakatizana kama herufi X kwenye kila chumba, yaani ile nafasi kati ya nguzo fupi moja na nyingine. Waya moja inazuia upepo usilisukume bawa nyuma, mwenzake inazuia lisivutwe mbele, maana ndege ikiinua pua sana nguvu ya kunyanyua inalivuta bawa mbele kweli. Hizo waya ndo zinaliweka bawa kwenye skwea. Mjenzi anapima kona hadi kona, anapima na ile ya pili, kama fundi anavyopima msingi wa nyumba, anakaza huku analegeza kule mpaka vipimo vilingane, anahamia chumba kinachofuata, anakuta kile cha kwanza kimehama kidogo, anarudi. Hapo ndo utajua kwa nini mbavu ziliachwa zicheze, kwa sababu ukikaza waya boriti zinasogea, na kama mbavu zimeshagandishwa ama zinang'ang'ania bawa likiwa limepinda ama viungo vinaachia. Kisha anaweka pimamaji kwenye boriti ahakikishe bawa halijajikunja kama kamba, maana bawa likijikunja pasipotakiwa ndege inalalia upande mmoja na rubani anashindana na usukani safari nzima. Vyote vikikubali ndo gundi inaingia na vimisumari vidogo.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu, kwa utaratibu wa zamani, walikuwa wanaanza na mbao za nje halafu mataruma, yaani mbavu za chombo, yanachongwa kufuata umbo lililokwishapatikana. Jahazi linaanzia ngozi linaingia mifupa, bawa linaanzia mifupa.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni vile vibawa vya kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, vinavyopanda na kushuka ili ndege ilale kushoto au kulia. Kwenye Air Camper havijengwi pembeni, vinajengwa vikiwa sehemu ya bawa zima, halafu mwishoni unachukua msumeno unavikata vitoke. Kukata bawa lako ulilohangaika nalo! Lakini ndivyo mgongo wa kibawa unavyofuatana na wa bawa bila kupishana.

Halafu kuna vanishi. Mimi nilishawahi kupiga mgongo wa kabati kabla sijapaka rangi ndani, nikaishia kuingiza mkono hadi begani na brashi, sioni ninachopaka. Kabati unasamehewa. Bawa likishafunikwa, unyevu ukiingia mbao inaoza polepole na wewe huoni, kwa hiyo ndani panapakwa pote kabla, waya na kapi za usukani zinapitishwa, na mkaguzi anaitwa aangalie viungo wakati bado vinaonekana. Kwenye ndege kama Falco ya Muitaliano Stelio Frati, iliyoruka mara ya kwanza 1955, kazi hii ni ngumu zaidi kwa sababu ngozi yenyewe ni plaiwudi inayogandishwa. Gundi haishiki vizuri juu ya vanishi, sasa unapaka ndani huku umeziba kwa utepe kila mstari ambapo ngozi itakaa, unabandua utepe, ndo unafunga.

Air Camper inavalishwa kitambaa, chini kwanza halafu juu, ili kitambaa cha juu kilalie pindo la cha chini. Siku hizi ni poliesta, na gundi yake ina kimiminika kikali kinachokula vanishi ya kawaida, ndo maana wengi wanapaka vanishi ya epoksi. Kitambaa kinawekwa kimelegea kidogo, halafu kinakazwa kwa pasi, ndio, pasi hii hii ya nguo, kama nyuzi 120 kwanza kisha karibu 177, unapiga kidogo juu unageuza unapiga chini, maana ukimaliza upande mmoja peke yake kinavuta ule ukingo mwembamba wa nyuma unapinda. Baada ya hapo kinashonewa kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu inayotoboa bawa toka juu hadi chini.