Ampea kabla ya moto: namna ninavyotafuta ubovu kwenye bodi ya simu

Simu nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kariakoo zikisemwa "zimekufa kabisa" zimekwisha kupita mikononi mwa fundi mwingine, na alama za mikono hiyo huonekana mara ninapofungua kinga ya chuma: risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ovyo, vipande vidogo vilivyohama mahali pake, na aisii ya umeme (chipu inayogawa umeme kwenye bodi) iliyobabuka kwa hewa ya moto. Mara nyingi moto huo ulipigwa kabla ya kipimo chochote kuchukuliwa. Ninaandika haya kwa mafundi wanaoanza, na pia kwa wenye simu wanaotaka kujua wanalipia kitu gani, ili kueleza kwa nini ubovu wa bodi unapaswa kutafutwa kwa mita ya kupimia umeme na kwa pawa saplai (kifaa kinachoipa bodi umeme badala ya betri na kuonyesha ampea inazokula), na bloa, yaani kipulizia hewa ya moto, ingoje hadi kipande kibovu kijulikane.

Nianze na kufungua, kwa kuwa simu nyingi huongezewa ugonjwa hapo hapo. Migongo na vioo vya simu za siku hizi hushikiliwa na gundi ambayo hulainika kwa joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selisiasi, joto ambalo halipaswi kufika kwenye betri. Kwa hiyo ninapasha kingo tu, kwa muda mfupi, kisha ninaingiza kadi nyembamba ya plastiki na kuizungusha taratibu. Betri siing'oi kwa bisibisi wala kwa chuma chochote. Ninatia matone ya pombe ya isopropili chini yake, ninangoja gundi iachie, kisha ninaiinua kwa kadi ile ile; na kama simu bado inawaka, ninaacha chaji ishuke chini ya asilimia 25 kabla ya kuanza, kwani betri ya lithiamu inayotobolewa ikiwa imejaa huwaka kwa nguvu kuliko iliyokaribia kwisha.

Skrubu nazo zinahitaji nidhamu. Ndani ya simu moja huweza kuwamo skrubu zinazopishana urefu kwa sehemu ndogo ya milimita, na ile ndefu ikirudishwa kwenye tundu lisilo lake hupenya hadi ndani ya bodi na kukata njia za shaba zilizopangwa humo kwa tabaka. Jeraha hilo si rahisi kuonekana kwa macho, na kulitibu ni kazi ya hadubini na waya wa unene wa milimita 0.02. Mimi huchora umbo la simu kwenye karatasi na kuiweka kila skrubu mahali pake katika mchoro.

Kinga ikishatoka, kiungo cha betri ndicho cha kwanza kuchomolewa, kabla ya kioo na kabla ya kamera. Taa za nyuma za kioo cha LCD hupangwa kwa mfululizo, na ili ziwake bodi huzipandishia umeme kutoka volti 4 za betri hadi volti 15, 20 au zaidi. Pini yenye umeme huo huweza kuwa jirani na pini ya mawasiliano ya volti 1.8, na anayechomoa kiungo cha kioo kimshazari huku betri imeunganishwa anaweza kuzigusanisha kwa kitambo kidogo kinachotosha kuua njia ya picha. Simu iliyokuja kubadilishwa kioo tu ikaondoka haina mwanga, mara nyingi iliharibikia hapo.

Sasa tuchukue simu moja ya Android ya bei ya kati, iliyoletwa na mama mmoja mfanyabiashara ambaye alikuwa ameambiwa kwamba prosesa, ubongo wa simu, imekufa na bodi ni ya kutupa. Ilikuwa imeanguka, ikaendelea kufanya kazi siku kadhaa, kisha ikazima ikiwa mkobani na haikuwaka tena. Niliondoa betri, nikaunganisha bodi na pawa saplai iliyowekwa kwenye volti 4.0 na kikomo cha ampea 2. Kabla sijagusa kitufe cha kuwashia, ampea ziliruka hadi kwenye kikomo na volti ikaporomoka.

Kipimo hicho kimoja kilikuwa kimekwisha kusema mengi. Bodi nzima iliyozimwa hunywa umeme mdogo sana, chini ya miliampea moja, kwa sababu njia zake nyingi bado zimefungwa zikisubiri aisii ya umeme izifungue kwa zamu pindi kitufe kinapobonyezwa. Umeme unaokimbia kabla ya kitufe hutafutwa kwanza sehemu mbili: kwenye njia ya betri yenyewe, au kwenye njia kuu inayolisha bodi yote, ile ambayo michoro ya simu zenye prosesa za Qualcomm huiandika VPH_PWR, ya MediaTek huiandika VSYS na ya Apple VDD_MAIN. Viini vya prosesa havilishwi moja kwa moja na njia hizo. Hupata umeme wao baadaye, ukiwa umeshushwa hadi karibu na volti moja. Kwa hiyo prosesa iliyokuwa imehukumiwa haikuwa tena mshukiwa wa kwanza, na mita nilikuwa bado sijaishika.

Nilizima umeme, nikaiweka mita kwenye alama ya daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), waya mwekundu ukiwa kwenye graundi, yaani upande hasi wa bodi, na mweusi kwenye sehemu ya kupimia. Vijana wanaojifunza kwangu huuliza kwa nini nyaya zinageuzwa namna hiyo. Pini za aisii zina daiodi za ulinzi ambazo hupitisha mkondo kutoka graundi kwenda kwenye pini. Mita inaposukuma mkondo mdogo kuanzia graundi, mkondo hupita katika daiodi hizo, na mita huonyesha volti inayopotea humo, ambayo kwa njia nyingi huwa kati ya 0.3 na 0.7. Sifuri maana yake ni kwamba njia imegusana na graundi, yaani ina shoti. Mita isipoonyesha chochote kinachopita, njia imekatika mahali fulani. Namba iliyo katikati lakini isiyolingana na ya bodi nzima ya aina ile ile inaashiria aisii iliyoumia nusu, na ndiyo sababu kila bodi nzima inayopita mikononi mwangu ninaipima na kuandika namba zake daftarini. Daftari hilo lina thamani kwangu kuliko chombo chochote kilicho mezani.

Njia ya betri ilisoma 0.41, namba ya kawaida kwa aina ile ya simu. Njia kuu ilisoma sifuri, na nilipohamia kwenye omu, kipimo cha upinzani, mita ikaonyesha 0.3 baada ya kutoa upinzani wa nyaya zake. Njia hiyo ina makumi ya kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi na kutuliza umeme) zilizounganishwa sambamba, zimetawanyika pande zote mbili za bodi, na mita peke yake haiwezi kumtaja mkosaji kwa kuwa zote husoma sifuri hiyo hiyo. Hapo ndipo ninapolisha umeme kwenye njia yenyewe, volti 1 kwa kikomo cha ampea 2. Ampea 2 zikipita katika upinzani wa omu 0.3 huzaa joto la wati 1.2, na wati 1.2 ndani ya kipande chenye urefu wa milimita 0.6 na upana wa milimita 0.3 ni joto kali linalojitokeza mara moja. Mwenye kamera ya joto huliona kwenye skrini. Asiye nayo hupuliza moshi wa rosini (utomvu mkavu wa msonobari) hadi bodi ipate utando mweupe, kisha hutazama ni wapi utando unayeyuka kwanza. Pombe ya isopropili nayo hufaa, kwani hukauka haraka mahali penye joto. Kwenye bodi ile utando uliyeyuka juu ya kapasita moja tu, ukingoni, karibu kabisa na tundu la skrubu.

Mahali hapo palieleza historia yote ya simu. Kapasita ya kauri hujengwa kwa tabaka nyembamba za chuma na kauri zinazopishana kama kurasa za kitabu. Simu ikianguka, bodi hupinda, na nguvu ya kupinda hukusanyika pale ambapo skrubu imeibana. Kauri hupata ufa usioonekana, ambao joto na unyevu huendelea kuutanua hadi tabaka mbili za chuma zigusane. Ndiyo maana simu iliweza kufanya kazi siku kadhaa baada ya kuanguka, na ndiyo maana ninamwuliza mwenye simu maswali mengi kabla ya kushika bisibisi.

Niliiondoa kapasita kwa bloa, nikasafisha, nikapima tena: njia kuu ikasoma 0.36. Kapasita ya kuchuja umeme iliyo miongoni mwa nyingi za sambamba huweza kukosekana na simu ikawaka vizuri, na mafundi wengi huishia hapo. Mimi sikuiacha nafasi wazi. Nilipachika nyingine kutoka bodi ya akiba, yenye uwezo na volti sawa, kwa sababu msanifu wa bodi aliiweka pale ili umeme usitetereke mzigo unapopanda ghafla.

Njia hii ina mipaka ambayo lazima iheshimiwe. Umeme unaolishwa haupaswi kuzidi volti ya kawaida ya njia husika: anayepeleka volti 4 kwenye njia ya prosesa iliyoundwa kwa volti 0.8 atamaliza shoti na prosesa kwa pamoja. Zaidi ya hayo, njia za viini vya prosesa husoma chini sana hata zikiwa nzima, wakati mwingine omu chache tu, na fundi asiyelijua hilo hutangaza shoti mahali ambapo hakuna, kisha huipiga moto prosesa isiyo na kosa. Na kama shoti yenyewe ina upinzani wa omu 0.02, ampea 2 huzaa wati 0.08 tu, joto ambalo ni dogo kuonekana kwa urahisi. Hapo huna budi kuongeza ampea kwa tahadhari, au kupima tofauti ndogo za volti kati ya kapasita moja na nyingine.

Si kila bodi huonyesha kosa lake kabla ya kitufe. Ampea zikiwa sifuri hadi kitufe kibonyezwe, kisha zikaruka juu na kukwama, shoti iko kwenye mojawapo ya njia zinazofunguliwa na aisii ya umeme. Zisipotikisika hata baada ya kubonyeza, ninafuata kitufe chenyewe, mkanda wake na volti inayopaswa kuwapo juu yake. Zikipanda hadi ampea 0.05 au 0.1 hivi zikatulia hapo bila kuchezacheza, umeme unapatikana lakini simu haisomi programu yake ya kuanzia, nami ninageukia memori, prosesa au programu. Simu inayowaka sawasawa huonyesha ampea zinazopanda na kushuka kwa mwendo ambao fundi huuzoea hadi akaujua kwa kuutazama tu.

Kuna pia ubovu mdogo ambao wenye simu huuita "betri mbovu". Bodi iliyozimwa ikivuja miliampea 50, kwa saa 24 hupoteza miliampea-saa 1,200, hivyo betri ya 5,000 huisha katika siku nne hivi bila kutumika. Kubadilisha betri hakuponyi uvujaji huo.

Kwenye chaji, dalili moja huniokolea muda mwingi. Simu yenye tundu la USB-C ikichaji kwa waya wenye kichwa cha zamani cha USB upande wa chaja, lakini ikakataa kwa waya wenye USB-C pande zote mbili, ninatazama pini za CC, zile zinazoitambulisha simu kwa chaja, na vipinzani vyake vya omu 5,100. Chaja ya USB-C haitoi volti 5 hadi ione kipinzani hicho upande wa simu, wakati chaja ya kichwa cha zamani huzitoa wakati wote. Ikichaji upande mmoja tu wa kichwa, pini moja ya CC ina uchafu au imekatika. Betri wala aisii ya chaji hazihusiki.

Maji ya bahari ni habari nyingine, na sisi wa pwani tunayaona sana baada ya Jumapili za Coco Beach. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na maadamu betri imeunganishwa, mkondo huo huendelea kula shaba na risasi saa baada ya saa. Mchele hauwezi kutoa chumvi. Betri itenganishwe mapema iwezekanavyo, kinga za chuma ziondolewe, na bodi isuguliwe kwa brashi laini na isopropili ya asilimia 99, kwa sababu ulikaji mbaya hujificha chini ya kinga.

Nirudi kwenye bloa kwa ajili ya zile simu zilizokwama kwenye ampea 0.1, maana hizo ndizo hupashwa sana. Risasi ya kulehemu ya viwandani ya sasa haina ledi (madini yenyewe ya risasi) na huyeyuka karibu na nyuzi 217, wakati ile ya zamani, bati 63 kwa ledi 37, huyeyuka kwenye 183. Ukiipasha prosesa, kidonge cha risasi kilicho chini yake kilichopata ufa huweza kushikana tena kwa muda na simu ikawaka mbele ya mteja, kisha ikazima baada ya siku chache ikiwa imeungua zaidi. Tiba kamili ni kuing'oa aisii, kusafisha risasi yote na kuipanga upya. Wala haiwezekani kuhamisha memori peke yake kwenye bodi nyingine ili kuokoa picha, kwa sababu simu za sasa hufunga data kwa ufunguo uliofungamana na prosesa ile ile. Huhama vyote viwili au hakihami chochote. Kwa hiyo kabla ya kuwasha bloa kwa kazi ya namna hiyo, ninamwuliza mwenye simu anachokihitaji: simu au vilivyomo ndani yake. Anayetaka simu tu nitamshauri anunue bodi nyingine. Anayetaka picha za mzazi wake aliyefariki nitamweleza hatari iliyopo, nitamtajia gharama, na akikubali nitaitengea bodi yake siku nzima bila kuichanganya na kazi nyingine.