Kanga haipakwi gundi moja kwa moja

Wiki hii nimeletewa tena kitabu cha kumbukumbu kilichovishwa kanga, na kwa mara nyingine mabaka ya gundi yamejitokeza juu ya maua mekundu kama madoa ya mafuta. Mwenyewe alifuata ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba kitambaa chochote hufaa kuwa jalada mradi gundi iwe nyingi. Ushauri huo umeshaharibu nguo nyingi za thamani, nami naomba tuuache.

Kanga ni pamba nyepesi. Gundi nyeupe ikipakwa juu yake hupenya kati ya nyuzi, hutokea upande wa pili na kukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa. Ukiizidisha, unazidisha kasoro ileile. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1820, nguo za majalada zilianza kujazwa wanga ili gundi isipenye. Sisi tunaotumia nguo za dukani hatuna budi kuzitia bitana ya karatasi wenyewe.

Nguo hufuliwa kwanza ili inywee na kutoa dawa ya kiwandani, kisha hupigwa pasi. Ilaze kifudifudi juu ya kioo, inyunyizie maji, inyooshe kwa kiganja. Uji wa unga wa ngano uliopikwa ukapoa hupakwa kwenye karatasi nyembamba, kamwe si kwenye nguo, na karatasi hiyo iizidi nguo kwa sentimita 2 kila upande ili kingo zake zishike kioo na vyote vikauke vikiwa vimetanuka. Ni kweli kwamba uji huvutia mende, na wakati wa masika hapa pwani huota ukungu upesi. Hata hivyo siubadilishi, kwa sababu ukipenya kidogo hauachi mng'ao.

Jambo linalonisumbua zaidi ni jina la kanga. Kila mteja hutaka maandishi yasomeke jaladani. Kanuni ya ufundi, kwa upande wake, hutaka mtande wa nguo, yaani nyuzi zake za urefu, uende sambamba na mgongo wa kitabu, sawa na nyuzi za karatasi na za kadibodi, ili vyote vitanuke na kunywea kwa mwelekeo mmoja na jalada lisipinde. Sasa itazame kanga: jina limeandikwa sambamba na ule ukingo mrefu usiohitaji kupindwa kwa cherehani, na ukingo huo ndio unaofuata mtande. Jina likisomeka kama kawaida, mtande unaukata mgongo. Kwa miaka kadhaa nilizikataa kazi za namna hiyo. Siku hizi nazikubali, kwa kuwa naamini kwamba karatasi ya bitana hulivuta jalada kuliko pamba nyepesi. Basi nahakikisha nyuzi za karatasi hiyo zinafuata mgongo, na ndani ya jalada nabandika karatasi nyingine ya kuvuta upande wa pili. Majalada mengi yamebaki bapa, lakini mawili yamepinda ingawa niliyatengeneza kwa uangalifu uleule, kwa hiyo namweleza mteja hatari hiyo kabla sijashika mkasi.

Kuna na suala la urefu. Jalada la kitabu cha A5 lina upana wa sentimita 15 hivi, na jina aghalabu huzidi hapo. Litaanzia jalada la nyuma, livuke mgongo, limalizikie mbele, na mifereji ya bawaba, pale jalada linapojikunja kando ya mgongo, itameza herufi moja au mbili. Lipime kwa chaki mbele ya mwenye nguo.

Kubandika kwenyewe ni kazi fupi. Gundi nyeupe hupakwa nyembamba juu ya bitana. Pindo, yaani nguo inayokunjiwa ndani ya kadibodi, liwe milimita 20. Pembe zikatwe mshazari zikiacha nafasi ya mara moja na nusu ya unene wa kadibodi. Kunja juu na chini kwanza, halafu pembeni. Kitabu kilale chini ya uzito usiku kucha.

Kitabu nilicholetewa nitakivua jalada lote. Kwa bahati kanga huuzwa kwa doti, na kipande cha pili bado kizima nyumbani kwa mwenyewe. Nimemwomba akifue bila kukitia wanga, kisha aniletee.